Kompyuta za kale zafufuliwa kwenye meza ya fundi

KUUNDA upya kompyuta kongwe ni kazi ya kujifurahisha ambayo mtu hujenga nakala ya mashine ya zamani, yenye kufanya kazi kama ilivyofanya ile ya asili. Si pambo la sebuleni. Ikiwashwa hupokea maagizo na kutoa majibu.

Nakala hizo ni za aina mbili. Ya kwanza hujengwa kwa vipuri vya aina ile ile iliyotumika zamani. Ya pili ina sura ya kale kwa nje, lakini ndani mna kompyuta ndogo ya kisasa yenye programu inayoiga mwenendo wa mashine ya awali. Aina hii ni nafuu zaidi, na baadhi yake hutumia umeme wa volti 5, sawa na wa chaja ya simu.

Miongoni mwa zinazopendwa ni Altair 8800, iliyotolewa Marekani mwaka 1975. Haikuja na kibodi wala kioo: maagizo yaliingizwa kwa kupandisha na kushusha swichi, na majibu yakasomwa kwenye taa. Kumbukumbu yake ya awali ilikuwa baiti 256 tu. Anayeiunda huona kwa macho hatua za hesabu ambazo kompyuta za leo huzificha.

Kwa hiyo fundi redio wa Shelui, mji mdogo wilayani Iramba katika barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, akijua kulehemu, kupima umeme na kusoma mchoro wa saketi, tayari ana msingi wa kazi hii. Kinachobaki ni vipuri, subira na michoro.

Michoro ndiyo roho ya kazi. Nchini Uingereza, mashine za Colossus zilisaidia kufumbua siri za Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Baada ya vita nyingi zilivunjwa, na michoro ikaja kuchomwa moto. Tony Sale na wenzake walipoanza kuiunda upya mwaka 1993, walitegemea picha chache, vipande vya michoro na kumbukumbu za wahandisi wazee. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2007.

Tanzania nayo ina historia yake. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya ICT 1500, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. ICT 1500 ilikuwa RCA 301 ya Marekani iliyouzwa na kampuni ya Uingereza kwa jina jingine, hivyo miongozo ya RCA 301 inaweza kumsaidia anayetaka kuiunda.

Hata hivyo, miongozo ya kiwandani haielezi jinsi Hazina ilivyoitumia. Hayo wanayajua walioiendesha, ambao sasa ni wazee. Anayetamani kuifufua na aanze kwa kuwasikiliza, kabla ya kuwasha pasi ya kulehemu.