Mkakati, Mbinu na Zamu: Istilahi za Mchezo wa Kujenga Dola

Miongoni mwa michezo ya kompyuta na simu inayowashughulisha vijana wa zama hizi, upo mmoja ambao ushindi wake haupatikani kwa wepesi wa vidole wala kwa ukali wa macho, bali kwa subira na hesabu. Mchezaji hupewa watu wachache na kipande cha ardhi asichokijua mipaka, akaanza na mji mmoja tu, na kutoka hapo, zamu baada ya zamu, akajenga miji mingine, akafungua njia, akatafuta elimu, akafanya biashara na jirani zake au akapigana nao, hata mwisho wake awe na dola inayozipita dola nyingine zote. Mchezo wa namna hii huitwa mchezo wa mkakati wa zamu, na maneno hayo mawili, pamoja na neno mbinu ambalo aghalabu huchanganywa na la kwanza, ndiyo ninayokusudia kuyaeleza hapa, kwa kuwa naamini ya kwamba anayejifunza mchezo huu bila ya kuyafahamu barabara hujifunza kusogeza vipande tu, na maarifa yenyewe yakampita kando.

Mchezo ulioieneza namna hii duniani ni Civilization wa Sid Meier, uliotolewa na kampuni ya MicroProse ya Marekani mwaka 1991, na ambao toleo lake la saba lilitoka mwaka 2025. Mwaka 1993 mwandishi Alan Emrich, alipokuwa akiuchambua mchezo mwingine wa jamii hiyo, Master of Orion, katika jarida la Computer Gaming World, aliyakusanya mambo yake makuu katika vitenzi vinne vya Kiingereza ambavyo vyote huanza kwa sauti ya herufi X, ndipo ikawa desturi kuiita michezo hii michezo ya X nne. Wala sisi Waswahili si wageni humo: toleo la nne la Civilization, la mwaka 2005, hufunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili uitwao Baba Yetu, ambao Christopher Tin aliutunga juu ya maneno ya Sala ya Bwana, na ambao mwaka 2011 uliupatia muziki wa michezo ya video tuzo yake ya kwanza ya Grammy; na katika toleo la sita Zanzibar imo kama mji wenye kujitawala, na dola inayopata kuwa mlezi wake hunufaika na mdalasini na karafuu ambazo hazipatikani kwa njia nyingine yoyote. Basi lugha yetu imo na bandari yetu imo. Kilichosalia ni kuwa na maneno thabiti ya kuujadili mchezo wenyewe.

Tuanze na mkakati. Neno la Kizungu tunalolifasiri kwa neno hili lina asili ya Kiyunani, na hapo kale lilikuwa na maana ya kazi ya jemadari, yaani yule anayeyatazama majeshi yote na nchi yote kwa pamoja, tofauti na akida anayeongoza kikosi chake bondeni. Wako wanaolifasiri kwa hila, lakini hila ina harufu ya udanganyifu, na mchezaji anaweza kuwa na mkakati mwema pasipo kumdanganya mtu. Wako wanaosema mpango, nao wamekaribia, ila mpango waweza kuwa wa mtu anayejenga nyumba yake kwa raha zake, hana mpinzani, ilhali mkakati daima una mtu wa upande wa pili ambaye naye anafikiri. Na walio wengi husema mbinu, na hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi, maana mbinu ni namna ya kulitenda jambo moja mahali pamoja, kama kuwapanga wapiga mishale kilimani nyuma ya askari wa mikuki, ama mkakati ni uamuzi wa kwamba vita hiyo ipiganwe au isipiganwe kabisa. Kwa muhtasari, mkakati ni shauri kuu linalochagua makusudi, likagawa mali na wakati kwa ajili ya makusudi hayo, mbele ya mpinzani na mbele ya mambo yasiyojulikana bado.

Anayetaka kuiona tofauti hii kwa macho na aje Ruiru, mji wa Kiambu nchini Kenya, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa ambacho jina lake wakulima wa nchi nyingi hulijua. Ugonjwa wa chulebuni, unaoozesha buni zikali mbichi mtini, ulionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 1922, na kwa miaka mingi mkulima alikuwa na njia moja ya kuukabili, nayo ni kupulizia dawa za shaba kila msimu, mvua baada ya mvua, kwa gharama isiyokwisha. Hiyo ni mbinu, na tena mbinu yenye manufaa, lakini haibadilishi chochote katika msimu ujao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wa Ruiru walishika njia nyingine: walianza kuzalisha mche utakaoustahimili ugonjwa huo kwa tabia yake wenyewe, na mwaka 1985 wakautoa mche wa Ruiru 11, unaostahimili chulebuni na kutu ya majani pia. Muda wote huo kazi yao haikumpa mkulima hata kikapu kimoja cha buni, wala upuliziaji wa dawa haukuweza kusimamishwa kwa kuwa mche mpya unatafutwa. Huo ndio mkakati: kukubali kukosa leo kwa ajili ya jambo ulilolipima na kulichagua, na wakati huohuo kuzitumia mbinu ili usiangamie kabla ya siku yake kufika.

Neno la pili ni zamu, na hili halikuhitaji kuundwa na wataalamu wa istilahi, maana wacheza bao wanalo tangu kale. Katika bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 za akiba, na zamu yake inapofika hana budi kuamua, hali mwenzake anamtazama na kungoja. Na Wakikuyu wa nchi hii ya Kiambu wanao mchezo wao wa giuthi ulio ndugu wa bao. Katika mchezo wa dola zamu ni zaidi ya nafasi ya kucheza, kwani ndiyo sarafu iliyo ghali kuliko zote. Mchezo wa mwendo wa kawaida wa Civilization, katika toleo la tano na la sita, una zamu 500, na katika kila zamu mji mmoja hushughulika na jambo moja tu, ghala au askari, hekalu au mashua. Katika toleo la tano, mji unaoandaa walowezi wa kwenda kuanzisha mji mwingine husimama kukua mpaka walowezi hao watoke. Kwa hiyo bei ya mji wa pili si zile zamu za kuwaandaa tu, bali ni pamoja na watu wote ambao mji wa kwanza ungaliwapata katika muda huo. Wanauchumi huiita bei hii gharama ya fursa, yaani thamani ya kile ulichokiacha ili upate kile ulichokishika. Mchezaji mgeni huhesabu alivyopata, na mchezaji aliyekomaa huhesabu alivyoviacha, na katika hesabu hiyo ya pili ndipo elimu ya mkakati inapoanzia.

Sasa tuvijie vile vitenzi vinne. Cha kwanza ni kupeleleza, nacho hakina matata katika tafsiri wala katika mchezo, ila ifahamike ya kuwa habari ina umri wake: mpelelezi wa zamu ya tano humwonyesha bwana wake mahali pa kujenga na jirani wa kuogopwa, na mpelelezi wa zamu ya mia huonyesha mambo ambayo yamekwisha kuamuliwa.

Cha pili ni kuenea, na hapa hutokea neno mlowezi, ambalo kwa msomaji wa Ruiru na Thika si neno jepesi. Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na pande zake zikajaa mashamba ya kahawa na mkonge ya walowezi, huku wenyeji waliokuwa wakiilima ardhi hiyo wakigeuzwa vibarua juu yake. Mchezo huichora ardhi kama kwamba ni tupu na inamngoja wa kwanza kufika, na kwa sababu hiyohiyo naona tafsiri ibaki kuwa mlowezi, bila ya kulainishwa, ili anayecheza akumbuke ya kuwa jambo hili lina historia. Kuenea kuna mpaka wake vilevile, kwa maana mji unaokua kupita chakula na huduma zake huingiwa na manung'uniko, na dola yenye miji mingi isiyoridhika hudhoofika kuliko yenye michache iliyoshiba. Ruiru yenyewe, iliyohesabiwa watu 238,858 katika sensa ya 2009 na 490,120 katika sensa ya 2019, inaifahamu vyema tofauti iliyopo kati ya wingi wa nyumba na wingi wa maji, mabomba ya maji machafu na barabara za mitaa.

Kitenzi cha tatu ndicho kigumu kuliko vyote, kwani neno lake la Kiingereza, exploit, huchukua maana mbili ambazo Kiswahili kimezitenga kwa haki: kuitumia mali ya ardhi ipasavyo, na kumnyonya mtu. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, unyonyaji katika lugha yetu ni neno la lawama, nalo lisitumiwe kwa mchezaji aliyelima mashamba, akachimba chuma na kujenga soko. Hapo napendekeza kustawisha. Na kunyonya kuwekwe akiba kwa yule anayetoza miji aliyoiteka bila ya kuirudishia kitu.

Cha nne maana yake halisi ni kuangamiza, lakini anayekishika hivyo atapotoka, kwani dola katika michezo hii huweza kushinda kwa kufika angani kabla ya wengine, kwa utamaduni wake, na hata kwa kuaminiwa na mataifa, pasipo kuuteka mji hata mmoja. Kwa hiyo nasema kushinda, na tuwe na vitenzi vyetu vinne: kupeleleza, kuenea, kustawisha na kushinda.

Mwenye kujifunza na avifuate kwa mpangilio huo. Achague mapema ni ushindi wa namna gani anaoutafuta, kwa kuzingatia ardhi aliyopewa na majirani aliowakuta, wala asitake vyote. Kila zamu ajiulize kama jambo analolijenga linamkaribisha kwenye ushindi huo au linamfurahisha tu. Na akishindwa airudie zamu aliyoihifadhi, aitafute siku ambayo mambo yalikwisha kuharibika kabla hayajaonekana, kwa maana dola aghalabu hupotea zamu nyingi kabla ya adui kufika mlangoni. Wala kukosa fedha kusiwe udhuru: mchezo wa Unciv, uliofuata kanuni za toleo la tano la Civilization, hupatikana bure kwa simu za Android, na Freeciv, ulioanzishwa na wanafunzi wa Denmaki mwaka 1995, huendeshwa bure kwa kompyuta za kawaida.

Michezo yote miwili iko wazi kwa kila mtu, na tafsiri zake hufanywa na watu wa kujitolea. Nawasihi basi vijana wa Ruiru, Juja na Thika, na walimu wao wa Kiswahili pamoja nao, wauchukue wajibu huu kwa mikono yao: waandike mkakati palipo na shauri kuu, waandike mbinu palipo na tendo la mahali pamoja, waandike zamu palipo na wakati wa kuamua, na wasikubali maneno haya yachanganywe, maana asiyeweza kuyatenga kwa ulimi hataweza kuyatenga katika maamuzi yake.