Besi Haijui Ukuta

Ingia duka la elektroniki pale Luthuli Avenue, Nairobi, uulize bei ya wufa. Utaonyeshwa sanduku moja kubwa na spika mbili ndogo, na zote kwa pamoja zinaitwa wufa. Kwa waliobuni jina hilo, wufa ni ile spika ya sauti nzito peke yake. Huku kwetu kipande kimoja kimemeza jina la mtambo mzima, na si ajabu, maana besi ndiyo tunayoinunua. Shida ni kwamba besi yako si yako peke yako, na ukifuatilia historia yake utamkuta jirani analalamika tangu mwanzo.

Kutoa besi ni kazi ngumu. Ukishuka kutoka Hz 80 hadi Hz 40, koni ya spika inabidi isogee mara nne zaidi ili nguvu ya sauti ibaki ileile. Zamani jibu lilikuwa sanduku kubwa kama kabati. Mwaka 1954 Edgar Villchur wa Marekani akaleta AR-1, spika iliyotumia hewa iliyofungiwa ndani kama springi, na sanduku dogo likaanza kutoa besi ya maana. Bei yake? Spika za aina hiyo zilikula sana nguvu ya amplifaya. Basi wazo likaiva: ipe besi sanduku lake na amplifaya yake, spika nyingine zipumue. Hiyo ndiyo sabwufa yenye umeme wake tunayoijua leo.

Mwaka 1973, albamu ya Steely Dan, Pretzel Logic, ilipokuwa ikichanganywa, Jonas Miller alipeleka sabwufa ya majaribio studioni. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya sinema. Kampuni ya Universal ilitoa filamu ya Earthquake kwa mtambo ulioitwa Sensurround, spika kubwa za kumfanya mtazamaji ahisi tetemeko mwilini. Katika ukumbi mmoja wa Hollywood, wavu ulitundikwa darini kuzuia vipande vya plasta visiangukie watu. Kwenye majengo yenye kumbi zaidi ya moja, waliolipia filamu nyingine upande wa pili walitetemeshwa bila kuomba.

Kisha sinema ikaingia sebuleni. DVD zikaja na sauti ya 5.1, na hiyo .1 ni njia ya besi peke yake. Ile 2.1 iliyoandikwa kwenye boksi la wufa yako imetoka kwenye hesabu hiyohiyo: spika mbili, na besi moja.

Sasa turudi kwa ploti zetu. Wimbi la sauti ya Hz 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8. Ukuta wa bedsitter haulizuii. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele na mtetemo, za mwaka 2009, na usiku kwenye makazi kikomo cha kelele ni desibeli 35. Lakini desibeli hizo ni za kipimo cha A, kilichotokana na utafiti wa Fletcher na Munson wa 1933 kuhusu jinsi sikio linavyosikia sauti za chini. Kipimo hicho kikifika Hz 50 hupunguza karibu desibeli 30. Yaani vikombe vya jirani vinaweza kugongana kabatini na mita bado iseme mambo si mabaya.

Kwa hivyo mita haitatuamulia kila kitu. Mengi yako kwenye nobu za nyuma ya sanduku. Ukiongeza sabwufa kwenye redio yako, usiisukume konani, maana kona huikuza besi. Nobu ya mpaka wa sauti ianzie karibu Hz 80, kisha upandishe volyumu polepole hadi usiweze kusema besi inatoka wapi. Hapo ndipo sabwufa inafanya kazi yake: spika ndogo zinasikika kubwa, na sanduku lenyewe linasahaulika.

Halafu toka nje, funga mlango, usimame kwenye korido. Maneno ya wimbo hayatakufikia. Kinachokufikia hapo ndicho anacholala nacho jirani.