Besi ya Senti Kumi

Ukisikia Kisumu kulikuwa na bendi ya jazz, usikimbilie kumfikiria Miles Davis. Victoria Jazz ya Ochieng Nelly na Collela Mazee ilipiga benga. Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani, benga vilevile, na benga moto. Hata hivyo hawakukosea jina. Huku kwetu neno hilo lilikuwa limeshazunguka miaka mingi: Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932, na ng'ambo ya pili, Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953, kisha OK Jazz ikazaliwa 1956. Kwa wote hao, jazz ilimaanisha bendi ya kisasa, muziki wa mjini, watu wamevaa wakapendeza na sakafu imejaa. Kama mpigo wake ni swing au rumba, hiyo haikuwa hoja.

Kwa hiyo sisi watu wa ziwa tulirithi jina. Chombo kimoja kilichobeba jazz yenyewe hakikutufikia kwa wingi: kontrabasi, ile besi kubwa ya mbao inayopigwa ukiwa umesimama.

Mimi napiga besi, nakaa Otonglo, na sauti ninayoitafuta ni hiyo. Sikiliza Paul Chambers kwenye Kind of Blue ya 1959. Noti inaanza na kishindo cha nyama ya kidole, inavimba kama mtu anavuta pumzi, halafu inazimika kabla haijachosha. Gitaa la besi la kawaida halifanyi hivyo. Linalia ng'aa, na noti inaning'inia hewani kama nguo kwenye kamba. Swali langu ni la mfukoni: mtu asiye na pesa ya kontrabasi anaipataje sauti hiyo? Nilipoanza kutafuta jibu niligundua kwamba historia ya besi, huku na huko duniani, imejaa watu waliouliza swali hilihili.

Wakongo walikuwa nayo. Kwenye rekodi za mwanzo za OK Jazz kuna kontrabasi, na mpigaji wake aliitwa Roitelet. Lakini fikiria kazi ya kuisafirisha. Uzi wa kontrabasi, kutoka daraja hadi juu shingoni, ni kama sentimita 105. Chombo chenyewe kinampita mwenyewe kimo. Kiingize kwenye matatu ya Bondo uone kama makanga hatakulipisha viti viwili na matusi juu. Tena gitaa la umeme likishawashwa, kontrabasi bila kipaza sauti inamezwa.

Leo Fender aliliona tatizo hilo kule California. Mwaka 1951 alitoa besi ya umeme yenye uzi wa sentimita 86, ya kuvaliwa begani, na akaiita Precision. Jina lilitokana na freti, vile vichuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa. Ukibonyeza popote kati ya freti mbili, noti inatoka sawasawa. Huhitaji miaka ya kufundisha sikio. Mpiga gitaa yeyote angeweza kuhamia besi wiki hiyohiyo.

Benga ilichukua chombo hicho ikakifanya chake. Kwenye nyimbo za Misiani besi haijifichi nyuma ya ngoma. Inakimbia, inamkatiza gitaa, inamjibu. Wataalamu wengi husikia nyatiti humo ndani: nyuzi nane, kila uzi na noti yake, na nyuzi nene zikibishana na nyembamba. Kwa hiyo sililii kontrabasi ambayo haikufika. Tungekuwa nayo, huenda besi ya benga isingekimbia vile.

Ila freti zina bei yake. Zinaigawa oktavu vipande 12 na kukuambia: chagua hapa au pale, katikati hakuna kitu. Sasa mtazame mpiga orutu. Ana uzi mmoja, upinde, na kidole kinachotafuta noti bila alama yoyote. Anateleza kuifikia, anaizungukia kidogo, ndiyo maana orutu inasikika kama mtu anayezungumza. Kenge Kenge walipoirudisha benga kwenye orutu, masikio mengi yalishtuka kusikia noti ambazo gitaa lilikuwa limeziruka. Kontrabasi ni ndugu wa orutu kwa maana hiyo. Haina freti.

Basi tuje kwenye pesa. Mwaka 1956 kampuni ya Höfner ya Ujerumani ilitoa besi yenye umbo la fidla, tumbo likiwa wazi ndani kama gitaa la kawaida, na uzi mfupi wa sentimita 76. Kijana mmoja wa Liverpool, Paul McCartney, aliinunua Hamburg mwaka 1961 kwa sababu Fender ilikuwa juu ya uwezo wake. Ile Höfner ilimgharimu kama pauni 30. Uwazi ule wa ndani ndio unaoipa noti mvimbo wa mbao na kuifanya izimike mapema. Umaskini wake ulimpeleka karibu na kontrabasi kuliko ambavyo Fender ingemfikisha.

Mwaka huohuo wa 1961, Bill Wyman, ambaye baadaye alijiunga na Rolling Stones, alikuwa na besi ya bei ya chini yenye freti mbovu. Akazing'oa akisubiri kuweka mpya. Akaipiga hivyo, akaipenda, freti hazikurudi. Kiwanda cha kwanza kuuza besi ya umeme isiyo na freti kilikuwa Ampeg, mwaka 1966. Baadaye akaja Jaco Pastorius na Fender yake ya 1962: mapengo ya freti yamezibwa, ubao umepakwa epoksi ya mashua. Sisi wa kando ya ziwa hiyo dawa tunaijua. Aliipaka kwa sababu nyuzi zake zilikuwa za mikwaruzo, na zingekula mbao. Na kwetu Afrika, Bakithi Kumalo wa Soweto aliteleza na besi ya aina hiyo kwenye Graceland ya Paul Simon mwaka 1986, dunia ikageuka kusikiliza.

Lakini hapa tusichanganye mambo. Sauti ya Jaco inaunguruma na kuimba, na ni nzuri mno, ila siyo ya kontrabasi. Ukitaka ya kontrabasi, matumizi ya pesa yanajipanga hivi. Nyuzi kwanza: nunua nyuzi bapa, zile laini ambazo kidole kinateleza bila kukwaruza. Hizo peke yake zinabadilisha besi kuliko jina lolote lililoandikwa kichwani pake, na hazihitaji epoksi. Pili, mwili wenye uwazi ndani, hata kama ni nakala ya mtumba isiyojulikana. Kagua shingo kama imenyooka kabla ya kukagua rangi. Usisogee pia karibu na ampu: miili ya hivyo hupiga mluzi sauti ikipandishwa sana, na kipande cha sponji chini ya nyuzi kinasaidia kuutuliza. Pikapu (si ile ya kubeba omena) inaweza kungoja. Freti ndizo za mwisho, na fundi mwenye mkono mtulivu atazing'oa na kuziba mapengo kwa vipande vyembamba vya mbao. Vinaacha mistari, na mistari hiyo ni msaada kwa jicho mpaka sikio likomae.

Na sikio lazima likomae, hapo hakuna njia ya mkato. Freti zikiondoka, kila noti isiyo sawa ni yako. Nusu saa kwa siku na noti moja ndefu nyuma yake, miezi na miezi. Hiyo ndiyo gharama halisi, na duka halina bei yake.

Wazee wanalitumia neno otonglo kwa ile sarafu ya senti 10. Napenda kwamba mtaa wangu una jina la chenji. McCartney alinunua alichokimudu, Wyman akang'oa kilichoharibika, mpiga orutu akatosheka na uzi mmoja. Anayetafuta jazz kutoka huku hana haja ya kungoja atajirike. Aanze na nyuzi bapa, na jioni akisikia orutu matangani au kwenye redio, aisikilize vizuri. Kile kidole hakina freti, na kinajua kinakokwenda.