Tumbaku Vitengeni: kutoka ugoro hadi mvuke

Hapa Vitengeni, bara ya Kilifi, ng'ambo ya msitu wa Arabuko-Sokoke, tumbaku ilikuwa kitu cha wazee. Nyanya yangu aliipanda kando ya mihogo, akayakausha majani juu ya moto wa jikoni mpaka yakawa meusi, kisha akayasaga kwenye jiwe pamoja na magadi. Ugoro aliutia ndani ya pembe ya mbuzi yenye kifuniko cha ngozi. Mgeni wake alipewa kigoda, maji na ugoro kabla ya kuulizwa shida iliyomleta. Kijana hakuthubutu kuugusa mbele ya wakubwa.

Mmea huu ulitoka Amerika, ukaletwa Afrika na mabaharia wa Ulaya baada ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi mwaka 1498. Wagiriama, wenyeji wa huku kwetu, waliopeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo na shanga, waliuzoea hata ukawa wao.

Kampuni ya British American Tobacco iliingia Kenya mwaka 1907, na sigara ikafika hadi kwenye maduka ya vijijini, ikiuzwa mojamoja. Hapo ndipo desturi ilipovunjika. Ugoro ulitaka ruhusa ya mzee. Sigara ilitaka senti tu. Mtoto aliyetumwa chumvi aliweza kurudi ameshavuta.

Serikali ilichelewa kuamka. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ilipiga marufuku kumuuzia aliye chini ya miaka 18, pia kuuza sigara mojamoja. Shisha ikafuata, ikapigwa marufuku Desemba 2017. Lakini wakati huo sigara ya kielektroniki, iliyobuniwa na mfamasia wa Kichina Hon Lik mwaka 2003, ilikuwa imekwisha kuenea duniani.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Mwaka 2023 serikali ilitugawia mikoba yenye mashine ya kupima presha, nami huenda nayo nyumba kwa nyumba. Siku moja nilimkuta kijana wa bodaboda chini ya mwembe, mkononi ana kidude kirefu kama kidole, kinanukia embe. Nilimpima akiwa ametulia. Alipokwisha kuvuta nikampima tena: mapigo yalikuwa yamepanda, na presha pia.

"Shangazi, hii haina moshi," akaniambia. "Ni mvuke tu."

Nilimjibu kwamba ni kweli hakuna kinachoungua, kwa hiyo hapati lami wala hewa ya kaboni monoksaidi kama mvuta sigara. Lakini vingi vya vidude hivi vina nikotini, ileile iliyokuwa ndani ya ugoro wa nyanya. Nikotini huuamsha mwili utoe adrenalini: moyo huenda mbio, mishipa hubana, presha hupanda. Mvuke nao hubeba chembechembe ndogo sana na kemikali zinazoweza kudhuru ngozi laini iliyo ndani ya mishipa ya damu. Mwenye presha tayari hujiongezea mzigo kila avutapo. Na kwa kuwa kitu chenyewe kina umri wa miaka ishirini na ushei, hakuna aliyekivuta maisha yake yote tukaona mwisho wake.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zichukue hatua za haraka kuwakinga watoto na vidude hivi, kwa sababu ladha zake zinawavuta wao kwanza.

Wazee wetu hawakujua habari za mishipa, lakini waliweka mpaka wa umri na wakausimamia. Mzazi mwenzangu, urudishe mpaka huo nyumbani kwako. Ukisikia harufu ya matunda chumbani kwa mwanao na matunda huyaoni, muulize. Na wewe unayevuta, njoo upimwe presha; kupima ni bure.