Uko Mashine Gani?

Usiku mmoja hapa Voi nilifuta faili za mteja. Nilikuwa nimefungua madirisha mawili kwenye skrini: moja la leptopu yangu, lingine la seva iliyo ng'ambo. Yote mawili yalinisubiri na alama moja tu, $. Nikaandika amri ya kufuta kwenye dirisha silo. Nakala ya akiba haikuwepo. Nilikuwa nimeshaacha chuo, na hiyo kazi ndiyo ilikuwa inalipa kodi ya nyumba.

Nikabaki najiuliza: mbona kompyuta haikuniambia niko wapi?

Kumbe mwanzoni haikuwa na sababu. Unix ya miaka ya 1970 ilikuwa mashine moja iliyotumiwa na watu kadhaa. Alama ya % ilitosha, kisha $ ya sheli ya Stephen Bourne, 1979. Mtu aliye kwao haulizi yuko wapi.

Voi pia iko hivyo. Reli ya kutoka Mombasa ilipita hapa miaka ya 1890. Halafu Vita Vikuu vya Kwanza vikaja, Waingereza wakajenga tawi la kwenda Maktau na Taveta kuwakabili Wajerumani. Voi ikawa makutano ya reli. Na kwenye makutano, kibao cha stesheni si pambo. Enzi hizo ukikosea treni, ungeamkia Taveta na mizigo ya Mombasa.

Makutano ya kompyuta yalikuja na ARPANET, 1969. Majina ya mashine yakawekwa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, huko California. Mwaka 1983, BSD 4.2 ikaja na gethostname, njia ya programu kuiuliza mashine jina lake. Halafu Bash ya Brian Fox, 1989: andika \u@\h ndani ya PS1, na kila mstari utakuambia wewe ni nani na uko mashine gani.

Ila jina ni la kupewa. Kisumu iliwahi kuitwa Port Florence, na ziwa halikuhama. Ukiacha mashine zako zote zijiite localhost, zote zitakuambia "hapa hapa".

Sasa leptopu yangu inaitwa sagala, kama kile kilima. Seva inaitwa mbali, kwa rangi nyekundu.

Yule mteja hakurudi.