Tarehe Nyuma ya Mawingu: John Constable na Mbingu ya Hampstead

Aghalabu tunapoitazama picha ya mandhari, macho hukimbilia mti, nyumba, mto au chombo kilichotia nanga. Mbingu huachwa mwisho, kana kwamba ni kitambaa cha buluu kilichotandazwa nyuma ili vitu vipate pa kusimama. Mchoraji wa Kiingereza John Constable aliyapinga mazoea hayo kwa maneno, na zaidi kwa vitendo. Nasi watu wa mwambao, tuliolelewa na kusi na kaskazi, huenda darasa lake likatuingia kwa wepesi kuliko lilivyowaingia watu wa zama zake.

Alizaliwa tarehe 11 Juni, 1776, katika kijiji cha East Bergholt, mashariki mwa Uingereza. Baba yake, Golding Constable, alikuwa mfanyabiashara wa nafaka mwenye vinu vya maji katika bonde la mto Stour na kinu cha upepo karibu na kijiji. Kabla ya kwenda London mwaka 1799 kusoma katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa, kijana huyu alifanya kazi katika vinu vya baba yake. Msaga nafaka kwa upepo hana budi kuijua mbingu, kwani dhoruba ikimkuta mabawa ya kinu yakiwa wazi, hasara ni yake. Basi Constable aliyasoma mawingu kwanza kama anavyoyasoma nahodha, kwa tahadhari, kabla hayajawa uzuri wa kuchorwa.

Zama zile zilikuwa na kanuni zake. Mandhari ilihesabiwa daraja ya chini mbele ya picha za mashujaa na visa vya vitabu vitakatifu, na aliyetaka heshima alitarajiwa kuipaka nchi rangi ya hudhurungi mfano wa picha za kale. C. R. Leslie, rafiki aliyeandika maisha ya Constable mwaka 1843, anasimulia kuwa Sir George Beaumont, bwana mwenye mali na mpenzi wa sanaa, alipendekeza rangi ya fidla kuukuu iwe kipimo cha picha nzima. Constable hakubishana. Aliichukua fidla akailaza juu ya majani mabichi mbele ya nyumba. Sisi wa nchi ya taarab rangi ya fidla tunaijua, na tunajua pia kuwa hakuna shamba lenye rangi hiyo.

Mwaka 1816 alimwoa Maria Bicknell, baada ya miaka saba ya kungoja, kwa kuwa babu wa bibi harusi, kasisi mwenye mali, hakumtaka mchoraji asiye na kipato. Maria alikuwa na maradhi ya kifua. Kuanzia 1819 Constable alikuwa akipanga nyumba Hampstead, kilimani kaskazini mwa London, ili mkewe apate hewa safi. Huko ndiko, katika miaka ya 1821 na 1822, alikochora mawingu makumi kwa makumi. Baadhi ya michoro hiyo haina ardhi kabisa, si mti wala paa la nyumba. Ni rangi za mafuta juu ya karatasi, kazi ya saa moja hivi, maana wingu halimngoji mtu.

Ukiigeuza karatasi nyuma, unakutana na maandishi. Katika mchoro mmoja ameandika mahali, tarehe 11 Septemba, 1821, saa nne hadi saa tano asubuhi, mawingu ya rangi ya fedha, joto la kufukuta, upepo mwanana, kutwa kulikuwa kweupe, lakini usiku uliofuata mvua ilinyesha. Tusiyapite haraka maneno hayo ya mwisho. Mchoro ulikwisha kabla ya adhuhuri, na mvua ikaja usiku. Basi hapana budi mchoraji alirudi kwenye karatasi yake baadaye, rangi ikiwa imeanza kushika, akaandika kile ambacho mawingu yale yalikuja kuleta. Hakuridhika kuwa yamependeza. Alitaka kujua yalikuwa yakisema nini.

Wakati huo elimu ya mawingu ilikuwa changa. Luke Howard, Mwingereza muuza dawa, alikuwa ameyapanga mafungu na kuyapa majina ya Kilatini katika mhadhara wa mwaka 1802: yaliyo kama nywele, yaliyo marundo, na yaliyotandaa matabaka. Constable alikuwa na kitabu cha Thomas Forster juu ya hali ya hewa, na pambizoni mwake aliandika hoja zake. Mwaka 1999 John Thornes, mtaalamu wa hali ya hewa, alitoa kitabu kizima juu ya mbingu za Constable, akazipima kwa kumbukumbu za hali ya hewa za siku zile.

Katika barua kwa rafiki yake John Fisher, Oktoba 1821, Constable alitumia lugha ya muziki: mbingu ndiyo sauti ya msingi, na ndiyo mlango mkuu wa hisia katika picha. Mshairi ataelewa. Kina cha ubeti wa kwanza kikishatua, yaliyobaki yote yamekwisha kufungwa.

Nikitembea madukani kwetu huziona picha za jahazi jeusi mbele ya jua linalozama. Tanga limejaa kuelekea upande mmoja, minazi imelala upande wa pili, na ukiuliza ni upepo gani huo hupati jibu. Simlaumu mchoraji, naye ana watoto wa kulisha. Lakini bahari ya kusi si bahari ya kaskazi, na hilo hata mtoto wa mvuvi analijua.

Uaminifu wa Constable haukumtajirisha. Picha yake mashuhuri ya gari la mkulima lililosimama mtoni, *The Hay Wain*, ilionyeshwa London mwaka 1821 isipate mnunuzi. Mfanyabiashara wa Paris aliinunua baadaye, na mwaka 1824 ikapata nishani ya dhahabu Ufaransa, nchi ambayo mwenyewe hakuikanyaga maishani.

Hewa ya Hampstead haikutosha, wala ya pwani ya Brighton. Maria alifariki tarehe 23 Novemba, 1828, akiacha watoto saba. Februari 1829 Chuo cha Kifalme kikamchagua Constable kuwa mwanachama kamili, kwa kura moja ya ziada, akiwa na umri wa miaka 52. Heshima ikamkuta hana wa kufurahi naye. Mwaka huo alionyesha picha ya magofu ya ngome ya Hadleigh, mahali alipopachora kwa penseli mwaka 1814, katika miaka ya kumngoja Maria. Mnara umepasuka, mawingu yamekatikakatika, na mwanga unashuka juu ya maji kwa mbali.

Alifariki mwaka 1837. Mwaka 1888 bintiye Isabel alitoa mamia ya kazi zake kwa Jumba la Makumbusho la South Kensington, ambalo leo linaitwa Victoria and Albert. Miongoni mwake zimo karatasi za mawingu, na nyuma ya baadhi yake mwandiko wa baba yake ungali unasomeka: tarehe, saa, na upepo.