Léon Mokuna "Trouet": Mukongomani wa kwanza kulipwa ku mupira wa Ulaya

Léon Mokuna alizaliwa Léopoldville, leo Kinshasa, mwaka 1928. Alifariki mwezi wa kwanza 2020, akiwa na miaka 91. Njo anahesabiwa Mukongomani wa kwanza kucheza mupira kwa kulipwa kule Ulaya. Lakini kijana wa Kabambare ao Kasongo anayetaja bila shida wachezaji wa Mazembe na wa Maniema Union, mara nyingi jina hili hajalisikia.

Mupira wakati wa Wabelgiji

Wakati wa ukoloni mupira uligawanyika sawa vile muji wenyewe: wazungu walikuwa na mashindano yao, weusi nao yao. Mu Léopoldville, padri Raphaël de la Kethulle, ambaye watu walimwita Tata Raphaël, alisimamia michezo ya vijana weusi na kujengesha uwanja mukubwa uliofunguliwa 1952. Mokuna alichezea Victoria Club, njo V.Club ya leo. Watu wakamupa jina la Trouet, juu inasimuliwa kama shuti lake lilitoboa wavu.

Kusafiri haikukuwa jambo la mutu kujiamulia. Hata mutu wa Kasongo aliyetaka kwenda kufanya kazi Léopoldville alihitaji karatasi ya wakubwa. Kwenda Ubelgiji ilikuwa ngumu zaidi.

Lisbon kwanza, kisha Gent

Kwa hiyo njia yake haikuanzia kwa wale waliotawala inchi. Mwaka 1954 aliingia Sporting ya Lisbon, mu Ureno, ekipe iliyokuwa imetoka kushinda ubingwa mara ine mufululizo. Mu 1957 njo akafika Ubelgiji, ku ekipe ya La Gantoise, mu muji wa Gent. Mwaka ule ule Paul Bonga Bonga akaenda Standard ya Liège, na mu 1958 Standard ikawa bingwa wa Ubelgiji. Yote hayo ni mbele ya uhuru: watu waliokatazwa kucheza pamoja na wazungu mu Kongo walikuwa wanashangiliwa na wazungu kule kwao.

Kulipwa kwa wakati ule hakukufanana na kwa leo. Mu Ubelgiji wachezaji wengi walikuwa na kazi ingine pembeni. Tena, mchezaji hakuweza kuondoka kama ekipe yake haijakubali. Yeye alikuwa kama mali yake. Sheria ya Ubelgiji juu ya mikataba ya wachezaji ilitoka 1978 tu. Mu 1961 Mokuna akahamia Waregem, ekipe ndogo zaidi.

Kurudi nyumbani

Kisha akageuka mufundishaji, na aliwahi kuongoza timu ya taifa. Mu miaka ya 1960 serikali ya Mobutu ikawaita nyumbani wachezaji waliokuwa Ubelgiji, na mu 1968 Kongo ikachukua Kombe la Afrika kule Addis Ababa, kwa kufunga Ghana 1-0. Wengine, sawa Julien Kialunda wa Anderlecht, walibaki Ulaya.

Inatuhusu nini leo

Leo Maniema Union, iliyoanzishwa 2005 kule Kindu, imefika makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, musimu wa 2024-2025. Njia inaanza karibu zaidi kuliko zamani. Lakini wanaotafuta vijana na kuwaahidi Ulaya nao wako karibu. Sheria za FIFA zinakataza kuhamisha mchezaji inchi ingine mbele ya miaka 18, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa. Mtu anayeomba feza kwa wazazi ili amupeleke mutoto wa miaka 15 "kujaribu" nje, wamuulize kwanza sheria gani inamuruhusu.

Kuna faida ingine ambayo ekipe ndogo zinapoteza. Mchezaji akiuzwa toka inchi moja kwenda ingine, asilimia 5 ya feza inagawanywa kwa ekipe zote zilizomulea kati ya miaka 12 na 23. Ili kuidai, ekipe lazima ioneshe kama mutoto aliandikishwa kwake, mwaka gani mupaka mwaka gani. Kiwanja cha vumbi hakizuie hiyo haki. Kukosa daftari kunaizuia.